Wadudu wa Tumboni mwa Mchwa

Wakati wa matanga ya mama, jirani mmoja alileta sahani ya kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi na pilipili. Aliiweka mbele yangu kwa heshima, akafunua kitambaa, na harufu ikanipanda puani: mafuta yaliyoungua kidogo, udongo baada ya mvua, na chini yake kitu kingine, utamu wa kitu kinachooza, ambao sijui kama wengine wanausikia. Mdomo ulinijaa mate, yale yanayotangulia matapishi. Nilimshukuru yule jirani, nikaisukuma sahani kwa mdogo wangu Saidi.

"Yaya, mpaka leo?" Saidi alisema, akiniita dada mkubwa kama zamani, na tayari alikuwa anatafuna. "Mwanamke mwenye wajukuu, anaogopa mududu."

"Siogopi. Naona kinyaa."

"Iko mamoja."

Kwangu si mamoja. Woga mwingi wa utotoni umeniacha njiani, mmoja mmoja, bila mimi kujua ni lini. Kinyaa hiki kimebaki. Ninyi wa umri wangu mliokulia hapa Kisangani, mkala kila kitu ambacho miaka ile ilitulazimisha kula, labda mtanivumilia nikieleza kilikotoka.

Papa, baba yangu, alikuwa anatoa matumbo ya mchwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na watoto wenzangu, ambao baba zao walikuwa maseremala na washonaji na wauza vitambaa, walinifanya niirudie kila mara ili wacheke upya. Alifanya kazi kwa mzungu mmoja tuliyemwita Monsieur tu, mtu mwembamba aliyekuwa anatembea kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Monsieur alitaka kujua nini kinaishi ndani ya tumbo la mchwa anayekula miti. Humo ndani, papa alitueleza, mmejaa viumbe ambavyo jicho haliwezi kuviona, kila kimoja ni mnyama kamili peke yake, na kila kimoja kina mijeledi ya kuogelea, myembamba kuliko unywele. Watu walioangalia kabla ya Monsieur walisema ni aina mbili tatu. Monsieur alisema watu hao walichoka mapema.

Basi papa alivuka mto kwa pirogi mpaka Lubunga, akachokoa mbao zilizooza karibu na reli, akarudi na makopo. Makopo yalikaa chini ya kitanda mpaka kesho yake. Nikilaza sikio kwenye mkeka niliwasikia wakitafuna, sauti kavu, kama mtu anayejikuna bila kukoma. Kopo moja lilifunguka siku fulani, tukawaokota mchwa kwenye shuka, kwenye nywele zangu, na mmoja kwenye uji. Bibi, mama yake papa, aliyetoka katika zile familia za Kiislamu za zamani za mji na aliyejivunia usafi wake kuliko kitu chochote, alimtengea papa bakuli lake. "Mkono unaochokonoa mkundu wa mdudu usiguse chakula changu," alisema. Papa alinawa kwa majivu, kisha kwa ndimu, na bado vidole vyake vilikuwa na ule utamu wa kuoza. Akinishika shavu nilingoja ageuke, kisha nikajifuta kwa bega.

Siku moja alinichukua kazini. Nadhani alitaka niache kujifuta. Monsieur alikuwa ameinama juu ya hadubini yake wala hakutugeukia. Papa aliketi kwenye meza ya pili, akamshika mchwa kichwa kwa koleo dogo, akabana ncha ya nyuma kwa koleo jingine, akavuta. Utumbo ulitoka mzima, kama uzi wa kahawia uliolowa. Aliuweka kwenye kioo chenye tone la maji ya chumvi, akaupasua, na tone likawa na rangi ya maji ya choo. Ile harufu ilitoka hapo. Ndogo sana, lakini ndiyo yenyewe.

"Angalia mbio," aliniambia. "Hewa yetu inabaua."

Nilipanda kwenye kiti. Nilitazamia kuona wadudu wenye miguu na vichwa. Nikaona mchuzi uliokuwa hai. Mifuko mikubwa yenye umbo la avoka, lile tunda la parachichi, ilikuwa inasukumana, imefunikwa manyoya kuanzia juu mpaka chini, na manyoya yanakwenda mawimbi mawimbi kama nyasi zinazopigwa na upepo. Ndani yao vilionekana vipande vya mti walivyomeza. Katikati yao vilijaa vingine vidogo kama pumba, vinazunguka, vinatetemeka, vinagongana, hakuna hata upana wa sindano uliotulia.

"Bakubwa banajijulisha beyewe," papa alisema nyuma ya sikio langu. "Badogo ndio kazi. Unaona banafanana bote? Hapana. Huyu iko na mijeledi mine mbele. Yule iko na mitatu, na mumoja anakokota nyuma. Kila aina ya mchwa iko na batu yake."

"Wanamchapa nani?" niliuliza. Mjeledi nilioujua mimi ulikuwa chikoti, kiboko cha wazungu, na chikoti hakikukosa mgongo wa mtu wa kuuchapa.

"Habachape mutu. Banaogelea nayo."

Kisha wakaanza kupunguza mwendo. Manyoya yalilala. Mmoja wa wale wakubwa alivimba, akapasuka, na vipande vya mti vikamwagika pamoja na ute. Nilishuka kitini. Nilimuuliza papa waliingiaje humo ndani, kwa sababu nilitaka kuhakikisha kwamba kuna mlango, na kwamba mlango huo mimi sina.

Papa hakuwa mtu wa kuficha jambo kwa sababu anayeuliza ni mtoto. Alisema mtoto wa mchwa anazaliwa bila wale viumbe. Ili awapate ni lazima alambe nyuma ya ndugu yake, ale kinachotoka pale. Na kila anapobadilisha ngozi wanamtoka wote, inabidi aende tena kuomba.

"Akikataa?"

"Anakula mti muchana muzima. Tumbo linajaa, linavimba. Halafu anakufa na njaa, sababu ni bale ndio banamusagia."

Nilitapika nje, karibu na ngazi. Papa alinifuta mdomo kwa leso yake, na leso ilinuka vilevile.

Tangu siku hiyo sikula tena kumbikumbi. Papa alinieleza kwamba kumbikumbi tunaokula ni wa vichuguu, watu wengine kabisa, kwamba yeye mwenyewe aliwafungua na hakukuta hata mmoja mwenye mijeledi. Nilimwamini kichwani. Koo halikumwamini. Mama hakunilazimisha. Yeye alikuwa binti wa wavuvi wa kwenye maporomoko, aliwakaanga kumbikumbi vizuri kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, akampakulia papa, akampakulia hata bibi, na tukimwuliza yeye mwenyewe alisema amekwisha kula jikoni.

Lakini macho yangu sasa yaliona mlango kila mahali. Saidi alikuwa mchanga, meno hayajatoka. Mama alitafuna kwanga, ule mkate wa mihogo, mpaka inakuwa laini, akaitoa kwa ulimi, akaiingiza mdomoni mwa Saidi kwa kidole. Kila mama wa mtaa alifanya hivyo. Mimi nilikuwa nimeona jambo hilo maisha yangu yote bila kuliona. Sasa niliona uzi wa mate ukinyooka kati ya mdomo wake na wa Saidi, na nikajua kinachopita. Mama alikuwa anampa wale. Ndiyo maana tunaweza kula, niliwaza, ndiyo maana lituma ya ndizi na sombe ya majani ya mihogo havikai tumboni kama mawe: kila mtu analambishwa na mama yake kabla hajawa na akili ya kukataa. Sikumwambia mtu. Nilianza kugeukia ukuta wakati Saidi anakula.

Uhuru ulipokuja, Monsieur alirudi kwao. Alimwachia papa ufunguo na hadubini ndogo, akamwambia aendelee mpaka atakaporudi au atakapokuja mwingine. Hakuna aliyekuja. Papa aliendelea. Kila asubuhi alivaa shati jeupe, akaweka kalamu mfukoni, akaenda kufungua matumbo. Hakujua namna wazungu wanavyowapa wadudu majina, na wale wapya alihitaji kuwaita kitu ili asiwachanganye, basi akawapa majina ya mtaa. Mmoja mwenye tumbo aliyesimama tu bila kusogea alikuwa Kapita, kwa heshima ya msimamizi wake wa zamani. Mmoja mdogo sana, aliyezungukazunguka pale pale akitetemeka mwili mzima, alikuwa Mama Veroniki, jirani yetu aliyeuza chumvi na habari.

"Leo nimemuona tena Mama Veroniki," alisema akivua viatu. "Donc iko kweli. Nilifikiri nilikosea."

"Umemuweka jirani yangu mu mkundu ya mchwa?" mama alisema.

"Iko nafasi ya kutosha. Unataka kuwa jirani yake na kule?"

Mama alimtupia kitambaa cha vyombo. Nakumbuka alivyocheka, na nakumbuka pia kwamba kabla ya kumpa papa sahani aliangalia kucha zake.

Sitaeleza vita vya waasi kama wanavyoeleza waliosoma. Mimi niliishia darasa la sita, na kwa urefu wangu wa wakati ule vita vilikuwa mambo ya chini: miguu inayokimbia, mbwa wakila kitu ambacho mama alinifunika macho nisikione, inzi. Kinyaa kilinijia kabla ya hofu. Waasi walikuwa na dawa yao na miiko yao, na waliwatafuta watu wa ofisi, watu wa kalamu. Papa alivaa shati lake jeupe kwa sababu hakuwa na jingine. Bibi alikataa kuhama nyumbani kwake. Sisi tuliondoka kwa njia ya Bengamisa, mama na Saidi mgongoni, mimi na sufuria, papa na sanduku la vioo vyake. Hadubini alikuwa ameifukia.

Kwenye kizuizi, kijana mmoja aliyefunga majani kichwani alifungua sanduku. Alitoa kioo kimoja, akakiinua kwenye jua, akaona doa la rangi ya waridi.

"Bon. Iko nini hii?"

"Badudu," papa alisema. "Ya tumbo ya mchwa."

"Unakula?"

"Hapana. Naangalia."

Kijana aliwageukia wenzake. "Papa huyu anaangalia mavi ya mchwa." Walicheka, na papa naye alitabasamu kidogo, kama mtu aliyezoea kuchekwa kwa hilo. "Na nani alikutuma kuangalia? Bazungu?"

"Mumoja. Alikwenda."

"Alikwenda, na wewe ungali unaangalia." Kijana alinusa kioo, akakunja uso. Kisha akagusa ile kalamu mfukoni mwa papa, taratibu, kwa ncha ya kidole, kama vile inaweza kuuma.

Walisema ni maswali kidogo tu. Papa alimwambia mama, "Mama Aziza, tangulieni na batoto." Alinishika shavu. Sikujifuta, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imebeba sufuria. Tulitangulia. Hakutufikia siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na mpaka leo hatuna kaburi lake.

Msituni tulikaa muda ambao sijui kuupima. Nyumba yetu ilikuwa majani juu ya miti. Tulikula majani ya mihogo ya shamba lililoachwa, yaliyochemshwa bila chumvi, bila mafuta, kisha tukala majani ambayo hayakuwa ya mihogo. Miguu yangu ilijaa maji, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nywele zikawa nyekundu na kutoka. Ngozi ya mapaja ilibambuka vipande vipande kama rangi ya mlango, na tumbo langu lilikua, likawa gumu, linang'aa. Nililala nimelishika kwa mikono miwili. Nilikuwa ninakula kila siku na tumbo limejaa, na nilikuwa ninakufa kwa njaa. Basi nikajua ugonjwa wangu. Ngozi ilikuwa imebadilika, na wale walikuwa wamenitoka wote.

Mdomo wangu ulioza. Sina neno lingine. Vidonda vilijaa kwenye ulimi na ufizi, usaha ulikaa kwenye pembe za midomo, na nilijinusa mwenyewe nikipumua. Inzi walinifuata mimi na kumwacha Saidi. Kutafuna sikuweza tena.

Mvua kubwa ilipita, na asubuhi kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu nyuma ya kibanda chetu, kama moshi. Mama aliwakusanya kwa sufuria, akang'oa mabawa, akawachoma juu ya jani. Harufu ilinifikia nilipolala. Saidi alikula kwa vidole vyake mwenyewe. Mama aliweka wachache mdomoni, akatafuna muda mrefu, akaniinamia, akanitilia kwa ulimi wake, kwa sababu kidole kiliniumiza vidonda.

Nilitema. Ilikuwa ya vuguvugu, na vipande vya miguu viliganda kwenye meno. Alitafuna tena, nikatema tena, ikamwangukia shingoni. Hakunipiga. Alikaa kitako akaniangalia, na mimi niliona usoni mwake kwamba alikuwa anapima kama mimi ndiye atakayemwacha humo msituni, na atabeba nani. Hakuwa na nguvu za kubishana nami siku nyingi.

Nikamuuliza, kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, "Mama. Wako ndani?"

"Nani?"

"Wale wa papa. Wenye mijeledi."

Mama hakuwahi kwenda kuangalia kwenye kioo cha papa, ingawa alialikwa mara nyingi. Alinitazama tumbo, akanitazama miguu. Sijui alielewa kiasi gani cha hesabu yangu. Alielewa ya kutosha.

"Bako," alisema. "Bote. Hata Mama Veroniki."

Nilifungua mdomo.

Nilimeza huku nikilia, na ninakumbuka vizuri kwamba niliwahisi, wale avoka wenye manyoya, wakiteremka mmoja mmoja wakitafuta nafasi. Alinipa hivyo asubuhi na jioni, mpaka kumbikumbi walipokwisha, na baada yao mafunza ya mti uliolala, na baada yao konokono. Kila mara aliponyanyua uso alilamba midomo yake, kama mtu aliyeonja kitu kitamu, na mimi nilimchukia kidogo kwa hilo. Maji yalitoka miguuni. Nywele zilirudi nyeusi. Tulirudi mjini watatu, tukakuta bibi amekufa, na labo, kile chumba alichofanyia papa kazi, ikiwa na mbuzi ndani. Ile hadubini hatukuipata pale mama alipochimba.

Nilipokuwa mtu mzima mwuguzi mmoja alinieleza kwamba niliugua kwa kukosa nyama na samaki, na kwamba kumbikumbi wana mafuta na nguvu. Nilimshukuru. Papa naye alikuwa amesema wazi kwamba wa kichuguu hawana wenye mijeledi. Najua, basi, kwamba nilimeza wadudu waliotafunwa na mate ya mama yangu, na hakuna kingine. Koo langu halijakubali mpaka leo.

Mwaka huu mama alianguka jikoni, na upande mmoja wa mwili haukuamka tena. Meno alikuwa amekwisha kuyapoteza. Uji aliukataa, supu ya samaki aliikataa, yeye binti wa wavuvi. Alikuwa anapungua kwenye shuka. Jioni moja watoto wa jirani walikuwa wanakaanga kumbikumbi, na yeye akanyoosha ule mkono uliobaki kuelekea harufu. Nilifikiri anafukuza moshi. Alikuwa anaomba.

Nilikwenda kuwaomba kwa jirani. Nilijaribu kuwasaga kwa kijiko, yakabaki mabawa na miguu, akakabwa. Kwa hiyo nikawaweka mdomoni mwangu. Nilitafuna, macho nimeyafumba, machozi yananitoka. Kisha nikamwinamia. Mdomo wake ulikuwa na ile harufu ya mtu ambaye mwili wake umeanza kuondoka. Nilisimama hapo juu yake, mashavu yamejaa, na sikuweza kushuka.

Mama alinitazama kwa jicho lake moja zima. Maneno yake siku hizo yalitoka mazito, moja moja.

"Unaona kinyaa," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuwahi kumdanganya.

"Hata mimi niliona, kule pori," mama alisema. "Kumbikumbi, tangu mutoto. Na mudomo yako, Aziza, ulikuwa unanuka."

Kisha akafungua mdomo wake.